Gombesa na Siasa za Ugunduzi

Kitenzi 'gundua' kimezoeleka mno katika mawanda ya sayansi. Kwa kawaida hufasiliwa kuwa ni kutambua jambo ambalo awali halikujulikana. Swali ambalo aghalabu halitupitikii ni hili: halikujulikana na nani? Makala haya yanadhamiria kulijadili swali hilo kwa kurejelea kisa cha samaki wa Bahari ya Hindi ambaye wataalamu humwita silikanti, na ambaye wavuvi wa Komoro humwita gombesa. Hoja yetu ni kwamba ugunduzi si suala la maumbile pekee. Ni suala la lugha na mamlaka pia, na kwa sababu hiyo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Samaki aliyedhaniwa kutoweka

Mnamo tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makavazi ya mji wa East London nchini Afrika Kusini, aliitwa bandarini kukagua samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Miongoni mwao alimwona mmoja wa rangi ya samawati, mwenye urefu wa takriban mita 1.5 na uzito wa kilo 57 hivi. Mapezi yake yalishikiliwa na vikonyo vya nyama, mithili ya miguu. Mwenyekiti wa bodi ya makavazi alimpuuza akidai kuwa huyo ni chewa tu. Mwanamke huyo hakuridhika. Alimchora samaki yule na kumpelekea mchoro J. L. B. Smith, mhadhiri wa kemia aliyekuwa pia mtaalamu wa samaki.

Smith alipigwa na butwaa. Visukuku vya jamii hii ya samaki vilikoma kuonekana katika miamba ya kale, takriban miaka milioni 66 iliyopita, sambamba na kutoweka kwa dinosaria. Mwaka wa 1939 alimpa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Latimer na mto Chalumna ambao samaki huyo alivuliwa karibu na mlango wake.

Tangazo la lugha tatu

Matumbo ya samaki huyo wa kwanza yalikuwa yameoza na kutupwa, hivyo Smith alihitaji mwingine. Alichapisha tangazo lenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, likasambazwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Lilikuwa katika lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Yafaa tutue hapa kidogo. Sehemu kubwa ya pwani iliyokuwa ikipekuliwa ni ya wasemaji wa Kiswahili na lugha zilizo ndugu zake, ilhali lugha zote tatu za tangazo zilikuwa za watawala. Aliyemjua samaki hakuandikiwa neno, aliachiwa picha. Ni picha hiyo, pamoja na ahadi ya fedha, iliyozaa matunda. Mwaka wa 1952 Smith na mkewe, Margaret, walikutana Unguja na Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara kati ya Unguja na Komoro, naye akazichukua nakala za tangazo hilo. Desemba mwaka huo huo, mvuvi wa kisiwa cha Nzwani alimvua samaki aliyekuwa akitafutwa kwa miaka 14.

Kwa wenyeji, hapakuwa na muujiza wowote. Samaki huyo alinaswa mara kwa mara, nyama yake haikuthaminiwa sana, na alikuwa na jina lake katika Shikomori, lugha ambayo, kama Kiswahili, imo katika kundi la Sabaki.

Majina na wenye nguvu

Smith alimpigia simu D. F. Malan, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, ambaye chama chake kilikuwa kimeingia madarakani mwaka wa 1948 kwa sera ya ubaguzi wa rangi. Malan alitoa ndege ya kijeshi, na samaki akachukuliwa kutoka Komoro, iliyokuwa koloni la Ufaransa. Kwa shukrani, Smith alimpa samaki huyo jina la Malania anjouanae, akiamini kwamba ni wa jenasi tofauti kwa kuwa alikosa pezi moja la mgongoni. Baadaye ilibainika kuwa ni spishi ile ile ya 1938, na jina hilo likaachwa. Mamlaka za Ufaransa nazo zilikasirika, zikawazuia watafiti wa kigeni na kuwaachia Wafaransa uchunguzi wa silikanti waliofuata.

Kwa hivyo, mwanasiasa aliyetoa ndege alipewa jina la jenasi. Mvuvi aliyetoa samaki hakupewa kitu katika msamiati wa sayansi. Hata jina lake mwenyewe limeandikwa kwa namna zaidi ya moja katika masimulizi ya kisa hiki.

Jambo kama hilo lilijirudia nchini Indonesia. Silikanti wa Sulawesi alipojitokeza mbele ya wataalamu mwaka wa 1997 na 1998, wavuvi wa huko walikuwa tayari wakimwita 'raja laut', yaani mfalme wa bahari. Mtafiti Mmarekani Mark Erdmann ndiye aliyemtangaza, lakini mwaka wa 1999 kundi jingine la wataalamu lilimtangulia kumpa jina rasmi, Latimeria menadoensis.

Kilichoongezwa na sayansi

Hata hivyo, si haki kudai kwamba wanasayansi hawakuongeza kitu. Mvuvi alijua samaki anapatikana wapi. Hakujua kwamba ukoo wake una umri wa takriban miaka milioni 400. Aidha, uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka wa 1975 ulithibitisha kwamba samaki huyu huzaa watoto hai, na utafiti wa 2021 ulikadiria kuwa anaweza kuishi takriban miaka 100 na kubeba mimba kwa miaka mitano hivi. Uchambuzi wa jenomu yake uliochapishwa mwaka wa 2013 ulileta jipya jingine: aliye na undugu wa karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu si silikanti bali ni jamii ya samaki wenye mapafu, ambamo yumo kamongo wetu wa Ziwa Victoria. Tusiache mbachao kwa msala upitao.

Hitimisho

Silikanti alivuliwa karibu na Malindi mwaka wa 2001, na tangu mwaka wa 2003 makumi wamenaswa nchini Tanzania, hasa Tanga, katika nyavu za jarife zinazotegwa kwa ajili ya papa. Mwaka wa 2009 Tanzania ilitenga huko hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kiumbe anayebeba mimba kwa miaka mitano hawezi kustahimili nyavu kwa muda mrefu, na mtu wa kwanza kumwona anaponaswa ni mvuvi. Iwapo elimu ya kumhifadhi haitamfikia mvuvi huyo kwa lugha yake, tutakuwa tumelirudia tangazo la Smith, tena bila zawadi. Kwa upande wetu, istilahi za uvuvi, majina ya samaki na maarifa yaliyomo ndani yake bado vinasubiri kukusanywa kutoka Lamu hadi Mtwara. Kazi hiyo haihitaji ndege ya kijeshi. Inahitaji mtafiti atakayemuuliza mvuvi, na kuliandika jina lake sawasawa.