WALINZI WA MLIMANI NA DAFTARI LA NDEGE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaijua maana ya maneno hayo, na mama wa nyumbani anayegawa mshahara wa mwezi anaijua pia. Ni wachache, hata hivyo, wanaofikiri kwamba usemi huo wawahusu hata viumbe warukao angani. Huko Marekani, katika wilaya moja ya mashamba, wapo watu ambao tangu mwaka 1934, isipokuwa miaka mitatu ya vita, wamekuwa wakipanda mlimani kila mwaka kuhesabu ndege. Wengi wao hawalipwi hata senti moja. Na hesabu yao, iliyoanzwa na mtu mmoja mwenye darubini na daftari, ilikuja kutoa ushahidi katika jambo kubwa ambalo yeye mwenyewe hakulitazamia.

NJIA YA ANGANI

Mlima huo waitwa Hawk Mountain, yaani Mlima wa Vipanga. Uko katika jimbo la Pennsylvania, mpakani mwa wilaya za Berks na Schuylkill, karibu na kijiji cha Kempton. Si mlima mrefu wa kutisha. Mwamba wa juu wanapokaa wahesabu una kimo cha mita 460 hivi kutoka usawa wa bahari, na chini yake yametandaa mabonde yenye misitu na mashamba.

Yapo majira huko baina ya kiangazi na baridi kali, ambapo majani ya miti hugeuka kuwa mekundu na ya manjano, kisha hupukutika. Wakati huo ndege walao nyama, kama vile tai, kozi na vipanga wa namna nyingi, huondoka kaskazini kwenda kutafuta nchi za joto. Safari ni ndefu, na ndege mwenye busara hapotezi nguvu zake bure. Upepo wa kaskazini-magharibi unapogonga ubavu wa safu ya milima ya Kittatinny, hauna pa kupita ila kwenda juu. Ndege hutandaza mabawa yao juu ya upepo huo na kuteleza kandokando ya safu, kilomita baada ya kilomita, bila kupiga bawa. Siku za jua hutumia njia nyingine: hewa iliyopata joto hupanda kutoka ardhini, nao huizunguka wakipaa mpaka waonekane kama punje za mtama angani.

Hiyo ndiyo sababu mlima huu umekuwa barabara kuu ya ndege. Na kwa sababu hiyo hiyo, zamani ulikuwa machinjioni.

WAKATI WA BUNDUKI

Katika miaka ile kipanga alihesabiwa kuwa mwizi wa kuku na adui wa mwindaji. Mwaka 1929 serikali ya jimbo la Pennsylvania iliahidi kulipa dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa misituni atakayeuawa. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya dhiki, watu hawana kazi, na dola 5 zilikuwa fedha ya kulisha watoto. Basi kila mwaka, majani yalipoanza kupukutika, wanaume walipanda mlimani na bunduki zao. Ndege walipita karibu sana na miamba, na hapakuwa na haja ya ustadi. Waliuawa wa kila namna, hata wale wasiokuwa na zawadi yoyote.

Mwaka 1932 kijana mmoja aitwaye Richard Pough alifika hapo. Aliwaokota vipanga waliouawa, akawalaza chini kwa safu, akawapiga picha. Picha hizo zilimfikia bibi mmoja wa New York, Rosalie Edge, ambaye hapo awali alikuwa amepigania haki ya wanawake kupiga kura. Bibi Edge alingoja kuona vyama vikubwa vya kutunza ndege vitachukua hatua gani. Alipoona hapana hatua, mwaka 1934 aliikodi sehemu hiyo ya mlima yeye mwenyewe, eneo la eka 1,400, na baadaye ikanunuliwa. Ikawa hifadhi ya kwanza duniani iliyowekwa kwa ajili ya ndege walao nyama.

Ardhi bila mlinzi ni karatasi tupu. Bibi Edge alimwajiri kijana wa miaka 28, Maurice Broun, naye akaja pamoja na mkewe Irma. Msimu wa kwanza walifanya kazi bila mshahara. Mke alisimama barabarani, penye njia ya kupandia, akiwarudisha wenye bunduki, na baadhi yao hawakurudi kwa maneno mazuri. Mume alikwenda mwambani. Bunduki zilikoma mwaka huo huo. Huko juu, Broun alianza kuandika: tarehe, upepo, hali ya hewa, ndege gani, wangapi.

DAFTARI LAFUNGWA, DAWA YAZALIWA

Hapa msomaji na atie maanani miaka. Broun alianza kuandika mwaka 1934. Mwaka 1939, Mswisi mmoja aitwaye Paul Müller aligundua kwamba dawa iitwayo DDT huua wadudu kwa namna ya ajabu. Daftari, basi, lilitangulia dawa kwa miaka mitano.

Vita Kuu ya Pili ilipoikumba Marekani, Broun alijiunga na jeshi la majini akapelekwa katika bahari ya Pasifiki. Kwa miaka mitatu, 1943 hadi 1945, kurasa za mlimani zilibaki tupu. Ni katika miaka hiyo hiyo DDT nayo iliingia vitani. Askari waliokufa kwa maradhi katika vita vya zamani walikuwa wengi mno, na kila aliyeishi kambini anajua chawa na mbu ni maadui wa namna gani. Katika mji wa Naples, Italia, mwishoni mwa mwaka 1943 na mwanzoni mwa 1944, raia kwa maelfu walinyunyiziwa unga wa DDT, na homa ya kuambukizwa na chawa ikazimwa. Müller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Hapana anayeweza kukana kwamba dawa hiyo iliokoa maisha ya watu.

Vita vilipokwisha, DDT iliachiwa mashambani. Ndege za kunyunyizia dawa ziliimwaga juu ya mazao, misitu na vinamasi. Mvua iliichukua mpaka mitoni. Wadudu wadogo wa majini waliimeza, samaki wadogo wakawala wadudu, samaki wakubwa wakawala wadogo, na tai akawala wakubwa. Dawa hiyo haitoki mwilini upesi, bali hukaa katika mafuta, na kila anayemla mwenzake hurithi sumu yote ya aliyeliwa. Tai hakufa papo hapo. Madhara yalikuwa katika uzazi: ganda la yai likawa jembamba, na mama alipolilalia likavunjika chini ya kifua chake.

USHAHIDI WA WATOTO WASIOKUWAPO

Broun alirudi kutoka vitani akalifungua daftari. Tai waliendelea kupita juu ya mwamba, wakubwa, wenye vichwa vyeupe, wazuri kama zamani. Mtu aliyetazama siku moja tu angesema hapana lililoharibika.

Lakini tai huyu, ambaye ni jamaa wa tai samaki tunayemwona katika maziwa yetu, hapati kichwa cheupe mpaka atimize miaka minne au mitano. Akiwa kijana ni mweusi-mweusi mwili mzima. Mhesabu mzoefu huwatenganisha: mkubwa huku, mtoto kule. Na safu ya watoto katika daftari ilikuwa ikipungua.

Mwanasayansi Rachel Carson, ambaye alipata kuutembelea mlima huo mwaka 1945, aliyachukua maandishi hayo alipokuwa akitunga kitabu chake Silent Spring, kilichotolewa mwaka 1962. Hesabu zilisema hivi. Kati ya mwaka 1935 na 1939, katika kila tai 100 walioonekana mlimani, 40 walikuwa vijana. Kati ya mwaka 1955 na 1959, vijana walikuwa 20 tu katika kila 100. Na katika mwaka 1957 alionekana tai kijana mmoja kwa kila wakubwa 32.

Fikiri kijiji ambacho wazee wote wangali wakienda sokoni, wenye afya, wakisalimiana, lakini sauti ya mtoto haisikiki nyumba hata moja. Mgeni apitaye njia atasema kijiji hicho ni kizima. Mwenye daftari la kuzaliwa atajua kinakufa.

Hesabu ya mlimani haikuwa ushahidi wa pekee. Carson aliyatumia pia maandishi ya Charles Broley, mstaafu wa kazi ya benki, ambaye kwa kujitolea alikuwa akipanda miti ya Florida kuwavisha pete makinda ya tai, na ambaye alishangaa kukuta viota vitupu. Wala hesabu peke yake haikuweza kusema ni nini kinachoua. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa maabara baadaye, walipoyapima maganda ya mayai. Hata hivyo, bila ya ile miaka ya kabla ya DDT, pasingekuwapo cha kulinganisha nacho. Bibi Edge alifariki mwaka ule ule wa 1962, na Carson mwaka 1964.

Mwaka 1972 serikali ya Marekani iliipiga marufuku DDT mashambani. Leo mapatano ya mataifa yanairuhusu kwa kazi ya kupambana na wadudu waenezao maradhi, kama mbu wa malaria. Nao tai walirudi. Mwaka 1963 zilikuwa zimehesabiwa jozi 417 tu za tai wenye viota, bila kuhesabu wale wa Alaska. Mwaka 2007, jozi zikiwa karibu 10,000, tai huyo aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa jozi zimepita 71,000.

ZAMU YA LEO

Kazi ya mlimani haikukoma kwa ushindi huo. Kila mwaka, tangu tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Desemba, wahesabu hupanda njia ya mawe kwenda mwambani. Wamo waajiriwa wachache wa hifadhi, wamo vijana waliokuja kujifunza kutoka nchi nyingi, na wamo watu wa kujitolea. Wote huketi juu ya mawe baridi, darubini shingoni, koti mwilini, na chai ya moto kando. Juu ya mti mrefu husimikwa bundi wa bandia, kwa kuwa vipanga humchukia bundi na huja karibu kumshambulia, wakaonekana vizuri.

Kila saa moja huandikwa ukurasa: upepo watoka wapi, joto kiasi gani, mawingu, umbali wa kuona, na ndege wa kila namna. Katikati ya Septemba hupita vipanga wenye mabawa mapana, waendao mpaka Amerika ya Kusini. Katika mwezi huo wa mwaka 1978, siku moja tu, walihesabiwa zaidi ya 20,000. Oktoba ni zamu ya vipanga wadogo wa misituni, na Novemba huja tai wa dhahabu, wakati vidole vya mwandishi vimekufa ganzi. Kwa wastani hupita ndege 18,000 hivi kila msimu.

Lakini zipo siku za ukungu na upepo mbaya ambapo mhesabu huketi tangu asubuhi asione hata mmoja. Siku hizo huandika sifuri. Sifuri iliyoandikwa na mtu aliyekuwapo ni habari. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kitu. Na wanaojaza kwa kukisia ili ukurasa upendeze hawana faida yoyote mlimani.

Katika miaka hii daftari limeanza kusema jambo lingine. Kozi mdogo wa mashambani, mla panzi na panya, anazidi kupungua. Sababu bado inachunguzwa. Wahesabu wanafanya kama alivyofanya Broun: wanaendelea kuandika.

MAFUNZO KWETU

Nchi zetu hazikosi watu wa namna hiyo. Kila mwezi wa Januari, watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika maziwa kama Nakuru na Naivasha nchini Kenya, na kandokando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, baadhi ya ndege hao wakiwa wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mzazi mwenye mtoto wa shule anayependa kutazama viumbe anaweza kumnunulia daftari la shilingi chache akamfundisha kuandika tarehe, mahali, jina na idadi.

Askari aliyepata kushika zamu ya usiku langoni hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kitabu cha zamu kilivyo: usiku baada ya usiku huandikwa kwamba hali ni shwari, na kijana mgeni kazini huona ni maneno ya bure. Kisha siku moja linatokea jambo, na mkubwa anakuja kuuliza lini mlango ulikuwa mzima kwa mara ya mwisho. Hapo ndipo hufunuliwa kurasa za nyuma, na anayeulizwa kwanza ni yule aliyeandika ukweli.