Hesabu ya Nyuzi za Joni Mitchell

Mpiga gitaa anayetaka kuzipiga nyimbo za Joni Mitchell, mtunzi na mwimbaji wa Kanada aliyezaliwa Fort Macleod, Alberta, mwaka 1943, haanzi na noti wala maneno ya wimbo, bali na fumbo la herufi moja na tarakimu tano, kama vile C77374, ambalo lisipofumbuliwa hata fundi mwenye vidole vyepesi hataupata wimbo anaoutafuta.

Hesabu yenyewe si ngumu. Herufi hutaja sauti ya uzi mnene kuliko wote, na kila tarakimu huonyesha nafasi, yaani chumba kimojawapo kati ya vile vinavyogawanywa na vijichuma vilivyolazwa shingoni mwa gitaa, ambayo ikibonyezwa kwenye uzi mmoja hutoa sauti ileile ya uzi unaofuata ukiwa haujashikwa. Gitaa lililopatanishwa kwa mtindo unaofundishwa kote, ambalo nyuzi zake hulia E, A, D, G, B na E, huandikwa E55545. C77374 ni mpatanisho wa wimbo “Coyote”, unaofungua albamu ya Hejira ya mwaka 1976, iliyopewa jina kutokana na hijra ya Kiarabu. Hapo uzi mnene hulegezwa kutoka E hadi C, nao mfuatano mzima huwa C, G, D, F, C na E, hivi kwamba mkono wa kulia ukipita juu ya nyuzi huku wa kushoto umetulia, hutoka akordi, yaani sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ambayo gitaa la kawaida haliwezi kuitoa kwa sababu halishuki hadi C hiyo. Mipatanisho ya namna hii katika kazi za Mitchell inazidi 50.

Chanzo kinachotajwa mara nyingi ni ugonjwa. Mwaka 1953, ambao polio iliishambulia Kanada vibaya kuliko mwaka mwingine wowote na kuwapata watu wapatao 9,000, Mitchell alikuwa na umri wa miaka tisa, na ugonjwa huo ulimwachia mkono wa kushoto usio na nguvu za kutosha. Mwenyewe ameeleza kwamba mkono huo ulikuwa mzito kuunda akordi alizokuwa akizisikia kichwani, kwa hiyo, baada ya mwanamuziki Eric Andersen kumwonyesha namna ya kupatanisha nyuzi kwa mtindo mwingine, aliuhamishia ugumu kwenye vifunguo vya kukazia nyuzi na kuviachia vidole kazi nyepesi.

Mitchell hakuishia kwenye kuupunguzia mkono mzigo. Ameeleza kwamba kwake nyuzi nyembamba ni kundi la ala za kupuliza, na zile nene ni selo na besi, kana kwamba bendi nzima imebanwa ndani ya ubao mmoja. Kuhusu “The Magdalena Laundries”, wimbo wa albamu ya Turbulent Indigo (1994), amesimulia kwamba aliketi juu ya mwamba, akasikiliza milio ya ndege na mvumo wa mahali pale, kisha akazikaza nyuzi zifuate alichokuwa akikisikia. Akordi zake, ambazo wanamuziki waliosomea wangetaka zifikie tamati, yeye huziita za kuuliza, akisema kwamba maisha yaliyojaa mambo yasiyotatuliwa hayawezi kuimbwa kwa sauti zilizokwisha kutatuliwa.

Hata hivyo, kuueleza ustadi wote huu kwa polio peke yake ni kumpunja mtunzi. Neil Young, Mkanada mwenzake, aliugua polio Omemee, Ontario, mwaka 1951, naye hulegeza nyuzi katika nyimbo kadhaa, lakini hakujenga mfumo mpana kama huu. Maradhi yanaweza kuwa yaliufunga mlango mmoja. Aliyekwenda kuigonga milango mingine yote ni Mitchell mwenyewe.

Ubunifu huo ulikuwa na gharama. Jukwaani, kila wimbo ulidai nyuzi zikazwe au zilegezwe upya huku hadhira ikisubiri, kero iliyokaribia kumwondoa kabisa kwenye maonyesho mpaka alipopata, katikati ya miaka ya 1990, kifaa cha kielektroniki kilichohifadhi mipatanisho na kuibadilisha papo hapo. Kumbukumbu nazo hazikumtosha, na mipatanisho mingi iliandikwa na kutunzwa na Joel Bernstein, aliyekuwa fundi wake wa magitaa. Mwaka 2015 mshipa wa damu ulipasuka kichwani mwa Mitchell, ikambidi ajifunze upya hata kutembea. Na kabla ya kupiga gitaa hadharani katika tamasha la Newport mwezi Julai 2022, alijifunza kwa kutazama video zake za zamani ili aone vidole vilikuwa vikiwekwa wapi.

Tarakimu zinaweza kumfundisha kijana wa leo namna ya kuliandaa gitaa, ingawa hazimwambii mkono wa kulia ufanye nini, wala ndege gani walikuwa wakilia siku ile. Je, mpatanisho unaotokana na mahali na saa fulani unabaki kuwa uleule ukipigwa kwingine? Na kama mkono wa kushoto usingedhoofika, Hejira ingekuwa albamu gani?