Nyumba Inayokua

Wajukuu zangu, mkipita pembezoni mwa Mbeya au Iringa mtaona chumba kimoja kimeezekwa, na kando yake msingi mtupu umeota majani. Msiseme mwenyewe kashindwa. Nyumba ile bado inakua.

Tuseme ni ya mama muuza ndizi. Fedha ya nyumba nzima haipati kwa mkupuo. Mwezi huu ananunua matofali ya kuchoma, mwezi ujao saruji mifuko miwili. Mvua za Novemba zikikaribia, anataka zimkute chini ya bati. Fundi mwenye akili humchorea vyumba vinne tangu siku ya kwanza, kisha hujenga kimoja. Upande utakaopokea chumba cha pili haweki dirisha, na matofali ya pembeni huyaacha yamechomoza kama meno, ili ukuta mpya uje ushikane na wa zamani bila kubomoa kitu.

Nyumba za namna hii zikisongamana bila mpango huitwa makazi holela, na zamani serikali iliyabomoa. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa viwanja na huduma katika Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili ikafika Iringa. Kwingine watu walikuta viwanja vimepimwa na barabara zimechongwa, wakajenga wenyewe taratibu. Kwingine nyumba zilikwishakuwepo, ikabidi barabara na mabomba yapenyezwe katikati yake.

Miongo kadhaa baadaye watafiti walilinganisha maeneo hayo kwa picha za setilaiti, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Palipopimwa kabla ya kujengwa, nyumba zilikuwa kubwa zaidi na zimepangika vizuri kuliko palipoboreshwa baadaye.

Sababu yake ni hii: chumba huongezwa wakati wowote fedha ikipatikana, lakini barabara ikisahauliwa mwanzoni, kuipitisha baadaye ni kuvunja ukuta wa mtu.

Hata hivyo, baadhi ya viwanja viliishia mikononi mwa wenye uwezo. Kwa hiyo kupima mapema hakutoshi. Viwanja viwe vidogo, bei iwe ya kulipika polepole, na mama wa ndizi ahesabiwe kabla ya tajiri. Miji yetu inapanuka kila mwaka. Atakayekuwa mpima ardhi kati yenu, awahi kufika kabla ya matofali.