Vifaru ni majirani zako, nenda uwacheki

Kama uko Nakuru, wikendi hii usitafute mbali. Hifadhi ya Ziwa Nakuru imepakana na jiji, na ndani kuna vifaru weusi na weupe. Changeni na mabeste mkodi gari, lipieni kwa eCitizen, mbebe vitambulisho. Saa kumi na mbili asubuhi muwe langoni, kabla jua halijawasukuma wanyama kivulini.

Usidanganywe na majina, wote ni wa kijivu. We angalia mdomo. Mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi, kwa hivyo mtafute uwanjani. Wa mweusi umechongoka, anachuma majani vichakani, na kumwona ni bahati. Mkimpata, zimeni injini, mnyamaze. Nyati, pundamilia na twiga mtawaona bila jasho. Ndovu msingoje, hawako.

Mbona uende sasa? Kwa zaidi ya miaka kumi ziwa limekuwa likipanda, likameza lango kuu la zamani na malisho ya ufuoni. Flamingo wanaweza kuruka hadi Bogoria. Kifaru je? Uzio wa umeme unaomkinga na majangili ndio huo huo unaomfungia ndani. Na kumhamisha si mchezo: mwaka 2018, vifaru weusi 11 walitolewa Nakuru na Nairobi wakapelekwa Tsavo Mashariki. Walikufa wote, wengi kwa sababu ya maji ya chumvi.

Kwa hivyo mkimwona mwenye mdomo uliochongoka, msikimbilie selfi. Mtazameni kwanza.