Fahamu: Herzl, mwandishi wa habari aliyependekezewa ardhi Kenya

Theodor Herzl anajulikana kama mwasisi wa harakati za Uzayuni, zilizodai dola ya Wayahudi. Riziki yake, hata hivyo, ilitoka gazetini.

Alianzia wapi?

Alizaliwa Budapest mwaka 1860, akasomea sheria Vienna. Mwaka 1891 gazeti la Neue Freie Presse lilimpeleka Paris kuandika siasa za Ufaransa. Huko aliripoti kesi ya Alfred Dreyfus, kapteni Myahudi aliyesingiziwa usaliti. Mwaka 1896 akatoa kitabu akidai Wayahudi wawe na dola yao, kisha mwaka 1897 akaanzisha gazeti lake, Die Welt, na kuitisha kongamano la kwanza la Kizayuni mjini Basel. Ajabu ni kwamba gazeti lililomlipa mshahara lilizinyamazia harakati hizo.

Kenya inaingiaje?

Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu, uliko mji wa Eldoret leo. Wenyeji hawakuulizwa. Kongamano la Kizayuni la mwaka huo liligawanyika vibaya: kura 295 dhidi ya 178 ziliruhusu wachunguzi kutumwa huko. Herzl alifariki Julai 1904, na kongamano la 1905 likaukataa mpango huo.