CHAKULA CHA SIKUKUU KISINGOJE SIKUKUU

Itazame sahani ya Krismasi katika nyumba nyingi za Kyela. Wali upo. Kuku yupo, au samaki mkubwa wa ziwani. Maharage yapo. Mboga za majani zipo, zimeungwa kwa karanga. Pembeni kuna ndizi mbivu au kipande cha papai. Katika nyumba ya Waislamu siku ya Idi mambo ni hivyo hivyo. Watoto hula wakashiba, na siku hiyo huikumbuka mwaka mzima.

Sasa itazame sahani ya nyumba hiyo hiyo siku ya Jumanne. Wali upo, tena mwingi. Juu yake pana mchuzi wa maharage, na maharage yenyewe unaweza kuyahesabu. Basi.

Je, mtoto anayekula sahani hii ana njaa? Hapana, tumbo lake limejaa. Lakini mwili wake haukupata ulichohitaji. Jambo hili ndilo tunalotaka kulizungumza nawe mwezi huu.

WALI PEKE YAKE HAUTOSHI

Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima kwa harufu yake nzuri, nasi tuna haki ya kujivuna. Wali hutia nguvu. Ndizi za kupika, ugali na muhogo pia hutia nguvu. Lakini nguvu ni jambo moja, na kujenga mwili ni jambo jingine. Fundi mwenye nguvu asiye na tofali hawezi kujenga nyumba. Tofali za mwili ni samaki, nyama, mayai, maziwa, maharage, kunde na karanga. Na nyumba ikishajengwa lazima ilindwe. Walinzi wa mwili ni mboga za majani na matunda.

Tena kumbuka kwamba mashine ya kukoboa huondoa pumba, na ndani ya pumba mna vitamini. Mchele unavyozidi kuwa mweupe ndivyo unavyozidi kupoteza vitamini hizo.

Wengine watasema, "Sisi tuna chakula tele, utapiamlo ni wa watu wa nchi kavu." Sivyo. Mwaka 2022 watoto walipimwa katika mikoa yote ya Tanzania. Katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Maana yake ni kwamba walikuwa wafupi kuliko umri wao, kwa sababu ya lishe mbaya na maradhi ya mara kwa mara. Katika mkoa wa Njombe walikuwa 50 katika kila 100. Katika mkoa wa Iringa walizidi 55. Njombe na Iringa si mikoa ya njaa. Ni mikoa ya mahindi na viazi, na maghala yake hulisha watu wa mbali. Ghala likijaa mahindi, au likijaa mchele, bado mtoto anaweza kudumaa.

Mtoto hudumaa mapema. Wakati wa hatari ni tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili. Hizo ni siku 1000 hivi. Kimo kilichopotea katika siku hizo ni vigumu sana kukirudisha baadaye, na akili ya mtoto nayo hujengwa wakati huo huo.

Habari hizi si ngeni nchini mwetu. Wazee watakumbuka mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Katika miaka ya 1980 vijiji 168 vya Iringa vilianza kuwapima watoto uzito na kujadili matokeo mbele ya wanakijiji wote, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Lakini elimu ya namna hii ni kama shamba: usipopalilia mwaka mmoja, magugu yanarudi. Hesabu ya mwaka 2022 imetuonyesha hivyo.

VITU VILIVYO MLANGONI MWETU

Jambo la kutia moyo ni kwamba vitu vya sahani ya sikukuu tunavyo, na vingine si vya bei kubwa.

Tuanze na usipa. Samaki huyu mdogo wa Ziwa Nyasa wengine humdharau kwa sababu ya udogo wake. Wao hutaka mbasa au magege. Lakini mbasa huliwa nyama tu, na mifupa hutupwa. Usipa huliwa mzima, pamoja na kichwa na mifupa, na ndani ya mifupa hiyo mna madini ya kujenga mifupa yako na meno yako. Usipa mkavu hukaa muda mrefu, na konzi moja inatosha kubadili chungu kizima. Ukinunua, chagua ulioanikwa juu ya kichanja. Ulioanikwa chini una mchanga, na mchanga si chakula.

Kwa mtoto mdogo, choma au kausha usipa vizuri, uuponde kwenye kinu mpaka uwe unga laini, uuchekeche, kisha uuweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji kinatosha. Usianze kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Kabla ya hapo chakula chake ni maziwa ya mama tu, hata maji hahitaji. Baada ya miezi 6 aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, huku akila. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo apewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Sahani moja kubwa ya jioni haimfai.

Jambo la pili ni mawese. Michikichi ipo hapa Kyela, na mafuta yake mekundu yana kitu kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Vitamini hiyo hulinda macho na humsaidia mtoto kushinda maradhi. Wekundu ule ndio dawa yenyewe. Wako watu wanaochemsha mawese kwenye kikaango mpaka yawe meupe, ati yasitie rangi chakula. Wakifanya hivyo wamebaki na mafuta tu, vitamini imekwisha. Tia mawese katika chungu dakika za mwisho. Kijiko kidogo ndani ya uji wa mtoto kinatosha. Na matone ya vitamini A yanayotolewa zahanati mara mbili kwa mwaka usiyaache kwa sababu una mawese. Mpeleke mtoto.

Mboga za majani je? Majani ya maboga, mchicha, kisamvu, matembele na mnavu huota bila gharama kubwa. Osha kwanza, ndipo ukate. Ukikata kwanza, vitamini huenda na maji. Zipike muda mfupi, chungu kikiwa kimefunikwa. Kisamvu tu ndicho hutwangwa na kuchemshwa sana, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu. Kamulia ndimu juu ya mboga unapokula, au kula chungwa pamoja nazo, mwili utachukua madini ya damu kwa wingi zaidi. Lakini chai huzuia madini hayo. Chai ya jirani zetu wa Tukuyu ni tamu, nasi hatuwagombezi. Ila inywe saa moja baada ya chakula au kabla yake, hasa kama wewe ni mama mjamzito.

Tukiwa hapo kwa mama mjamzito: katika sehemu nyingi za nchi huwa anakatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa bila nywele. Hakuna ukweli wowote. Mama ale mayai, na samaki, na maharage. Anakula kwa ajili ya miili miwili.

TUNDA LITAFUNWE AU LIKAMULIWE?

Siku hizi kuna mtindo wa juisi. Mijini watu wana mashine za kukamulia, na hata huku kwetu juisi za embe, ukwaju na miwa huuzwa barabarani. Wapo wauzaji wanaosema kwamba juisi yao inasafisha damu. Usiwaamini upesi. Damu husafishwa na figo na ini, kazi hiyo Mungu amekwisha kuigawa.

Fikiri juu ya bilauri moja ya maji ya machungwa. Ndani yake mna machungwa matatu au manne. Ukipewa uyatafune yote, utachoka au utashiba kabla hujamaliza. Yakikamuliwa unayanywa kwa dakika moja. Sukari yote imeingia mwilini kwa haraka, na makapi yametupwa. Lakini makapi ndiyo yanayosaidia tumbo kufanya kazi vizuri na kuzuia sukari isiingie katika damu kwa kishindo. Kisha muuzaji huongeza sukari nyingine. Mwenye ugonjwa wa kisukari ajihadhari sana hapo, na meno ya watoto nayo huharibika.

Hatusemi juisi ni sumu. Mgonjwa asiyeweza kutafuna hufaidika nayo. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haihitaji, mpe papai au ndizi iliyopondwa. Na mtu anayeharisha asipewe juisi tamu wala soda, maana huweza kumzidishia kuharisha. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na apelekwe huko.

Kisha kuna suala la maji. Juisi nyingi huchanganywa na maji, au huwekwa barafu. Maji hayo yametoka wapi? Watu wa mwambao huu wanakijua kipindupindu. Kama hukuyaona maji yakichemshwa, bora ununue embe, ulioshe, ule.

Soda ni mbaya zaidi. Chupa moja ya soda ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari, na tunda hamna. Kuna nyumba ambamo mayai ya kuku huuzwa yote, halafu fedha zinanunua soda za watoto. Biashara hiyo ni ya hasara, hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuipiga hesabu.

SIKUKUU ZA WATU WENGINE

Mwenye Biblia anajua kwamba Wayahudi walianza Pasaka yao usiku wa kutoka Misri, kwa nyama ya mwana-kondoo, mkate usiotiwa hamira na mboga chungu. Mpaka leo mboga chungu huwekwa mezani siku hiyo. Watu wa dini hiyo hawako mbali sana nasi. Karibu na mji wa Mbale, Uganda, kuna Waafrika waitwao Abayudaya, walioifuata tangu mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu.

Katika mwaka mpya wao, Wayahudi huchovya vipande vya tufaa katika asali, na wengi hula komamanga. Katika sikukuu ya Hanuka hula maandazi na viazi vilivyokaangwa, kwa kukumbuka mafuta yaliyowasha taa ya hekalu. Vya kukaanga ni vya siku hizo chache, navyo vinafaa kubaki hivyo, kwao na kwetu. Lakini angalia mboga chungu ilivyopewa heshima mezani. Sisi mnavu wetu, ambao nao ni mchungu, tunauita chakula cha maskini. Angalia pia kwamba tunda wanalitafuna, hawalikamui.

BABA, HAPA NI KWAKO

Mpunga ukivunwa wanunuzi huja na magari. Fedha huonekana kwa wiki chache, kisha huisha. Mara nyingi baba huuza bila kuulizana na mama, naye mama hubaki akitafuta kitoweo kwa fedha asizonazo. Kaeni wote wawili kabla ya kuuza. Tengeni mpunga wa chakula. Kisha tengeni fedha ya debe la usipa mkavu na debe la maharage, kabla ya redio na kabla ya pombe. Wenye kakao wafanye vivyo hivyo.

Halafu chukueni kadi ya kliniki ya mtoto muitazame pamoja. Baba pia aitazame, kwa kuwa sasa anajua kusoma. Mstari wa uzito ukipanda, mtoto anakua. Ukilala miezi miwili mfululizo, msingoje uanze kushuka. Nendeni zahanati mkamwulize muuguzi, na mwelezeni bila kuficha mtoto alikula nini Jumanne.