Mtama, Asali na Kipimo cha Unyevu

Mchanganyiko mtamu wa nafaka ni kitafunio kinachopatikana kwa kuchanganya nafaka zilizofutuka, mbegu zenye mafuta na matunda makavu, kisha vyote vikapakwa asali au sukari iliyochemshwa, bila kupitia katika tanuri. Nchini Marekani, ambako watu hukitengeneza nyumbani, msingi wake ni nafaka za kiwandani zinazouzwa katika maboksi, na mtu wa Kitui au Makueni anayefuata mapishi hayo kama yalivyo hujikuta akilipa pesa nyingi kwa kitu ambacho ghala la nyumbani kwake tayari linacho. Huko Ukambani upo mtama, uitwao muvya kwa Kikamba, yapo mawele, yaani mwee, zipo njugu na simsim, kuna asali ya Mwingi, maembe ya Makueni na mibuyu ya Kibwezi. Jambo moja tu ndilo ambalo boksi halimfundishi mpishi, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kulishughulikia kabla yake, nalo ni kupima unyevu.

Punje ya mtama hufutuka kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Inapopata moto mkali, maji hayo hugeuka mvuke ambao hauna pa kutokea kwa kuwa ganda limeuziba, wanga hulainika kama uji mzito, na shinikizo linapozidi nguvu ya ganda, punje hupasuka na wanga hutoka nje kama povu, likakauka papo hapo. Hizo ndizo bisi za mtama, ndogo kuliko za mahindi, nyeupe na laini, zisizo na maganda makubwa ya kunasa katikati ya meno. Mmarekani Alexander Anderson alitumia kanuni hiyohiyo ya mvuke uliofungiwa alipoufutua mchele mbele ya umati kwa mizinga ya kivita katika maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, ila mtama hauhitaji mzinga wowote, kwani sufuria nzito yenye mfuniko hutosha.

Punje nzuri kwa kazi hii huwa na unyevu wa asilimia 12 hadi 14 hivi. Ikikauka kupita kiasi, mvuke hautoshi na punje huungua bila kupasuka, na dawa yake ni kuinyunyizia matone machache ya maji na kuifungia katika kopo usiku kucha. Mtama uliopurwa kwa fimbo nzito nao husumbua, kwa sababu ganda lenye ufa huvujisha mvuke, na ndiyo maana mpishi makini hupepeta kwa uteo na kuondoa punje zilizovunjika kabla hata ya kuwasha jiko. Sufuria ipate moto kwanza, kisha mtama utiwe kidogo kidogo, kiasi cha kufunika sakafu yake tu, na itikiswe bila kupumzika mpaka milio ianze kupungua.

Unyevu wa namna nyingine, ule wa ghalani, unastahili uangalifu mkubwa zaidi. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu wanaoota katika nafaka na njugu zilizohifadhiwa zikiwa mbichi, iliua watu 125 miongoni mwa wagonjwa 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na chanzo kilikuwa mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kuvishwa asali, kwa hiyo njugu zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi hutupwa, hata kama ni chache na hata kama zinauma mfukoni. Ipo njia rahisi ya kupima nafaka: punje hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, chupa ikatikiswa na kuachwa kwa dakika 15, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka hiyo irudishwe juani.

Kwa vikombe 4 vya bisi hutosha kikombe 1 cha njugu zilizokaangwa na kumenywa, vijiko 3 vya simsim iliyokaangwa hadi ikaanza kuruka, robo kikombe ya asali na chumvi kidogo. Asali huwa na maji karibu asilimia 17 hadi 20, na maji hayo yasipopunguzwa, bisi hulowa na kusinyaa. Kwa hiyo asali huchemshwa peke yake kwa moto mdogo, ikikorogwa kwa mwiko inapopanda povu, na tone lake hujaribiwa katika kikombe cha maji baridi: likisambaa bado, likikusanyika kuwa kidonge kinachoshikika kwa vidole limefika. Hapo humiminwa juu ya bisi na njugu, vikageuzwa upesi na kutandazwa katika sinia. Msomaji wa pwani atatambua hapa jamaa wa kashata, isipokuwa kashata hushikana kuwa kipande, ilhali mchanganyiko huu huachwa ukiwa chembechembe. Unga wa ubuyu ukinyunyizwa ungali na joto, hupunguza kunata na kuleta ukali unaoukata utamu wa asali, na huenda hicho ndicho kiungo bora kuliko vyote. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru, na wadogo walio chini ya miaka 5 huwekewa njugu zilizopondwa ili wasipaliwe.

Maembe hubaki ya mwisho. Vipande vyembamba vilivyokaushwa chini ya wavu, mbali na vumbi na nzi, huonekana vikavu vikiguswa, lakini bado vina maji mengi kuliko bisi, na vikifungiwa pamoja kwenye kopo moja maji hayo huhamia taratibu upande wa nafaka. Asiyetaka kukuta bisi zimelegea asubuhi huyaweka maembe katika kopo la peke yake, na kuyachanganya wakati wa kula.